Sura ya Nne: Chaki Isiyopeperuka

Koplo Nripen Bhowmik alifika kazini bila kalamu, na hakuona haya hata kidogo.

"Mwanangu kaziweka zote miguuni pa Saraswati, Madam," alisema, akiishusha kofia yake ya sufu mpaka kwenye nyusi. "Kalamu, penseli, hata ile ya mama yake ya kuandikia mahitaji ya sokoni. Anasema nikiandika neno moja leo, atakayefeli hesabu ni yeye."

"Na kituoni je?" aliuliza Inspekta Sandhyarani Debbarma.

"Kituoni ndiyo usiseme. Mkuu kaweka na ile yake ya wino."

Sandhyarani hakushangaa. Alizaliwa Agartala, akasoma Agartala, na utotoni hakuna sikukuu aliyoipenda kama hii ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu, siku pekee katika mwaka ambayo mtoto akigusa kitabu anakemewa. Watu wazima wa mji huu nao huifuata kimya kimya, hasa wenye watoto wanaokaribia mitihani. Waliopanga fainali za taifa za jimnastiki ya vijana walikaa mbali sana na Agartala, na kalenda yao haikuwa na habari hizo. Ndiyo maana nusu ya wasichana waliokuwa ukumbini asubuhi ile walivaa sari za manjano za mama zao juu ya nguo za mashindano.

"Basi tutaandika kichwani," alisema. "Twende."

Chumba cha kubadilishia nguo kilinuka jasho, mafuta ya nywele na plasta. Katikati yake alisimama mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni, kocha Vaidehi Joglekar wa Pune, na sauti yake ilisikika tangu ngazini.

"Hatimaye! Inspekta, mwizi tunaye. Unachotakiwa ni kumchukua tu."

Mwizi mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi la pembeni, amekumbatia magoti. Aliitwa Mouli Sutradhar, mtoto wa hapahapa mjini, umri wa miaka kumi na mitatu, mwembamba kama ufito. Macho yalikuwa mekundu lakini kidevu kilikuwa juu.

Habari ilikuwa fupi. Saa nane mchana ingechezwa fainali ya fito mbili, ile ya chuma cha juu na cha chini, na washindi watatu wangeitwa kambi ya timu ya taifa. Shravani Kadam, msichana wa Pune aliyekuwa akiongoza, alifungua begi lake na kukuta kanda zake za ngozi hazipo. Kanda hizo mchezaji huzifunga viganjani ili chuma kisimchune wala kisimponyoke, na hukaa miezi akizizoeza mkono wake. Za kuazima hazifai. Kifuko cha kanda za Shravani kilipatikana kitupu ndani ya begi la Mouli, na Mouli ndiye aliyekuwa wa pili.

"Mwenyekiti wa waamuzi ameshatangaza kwenye kipaza sauti kwamba kuna mwizi na kwamba anachunguzwa," alisema Joglekar. "Wakisimama mstarini kabla hajasafishika, jina lake linafutwa."

"Ametangaza na jina?"

"Hapana. Lakini ukumbi mzima unajua."

Sandhyarani aliuma mdomo. Akamgeukia Mouli. "Wewe unasema nini?"

"Nimeshasema. Hakuna aliyenisikia."

"Mimi nakusikia."

"Na zangu hazipo."

"Ujanja wa kitoto!" alidakia Joglekar.

Inspekta alilivuta begi la Shravani, akatoa taulo, chupa ya maji na pakiti ya njugu. Chini kabisa palikuwa na kifuko cha kijani kilichokunjamana, nacho kitupu.

"Hiki cha nani?"

Shravani, aliyekuwa amesimama nyuma ya kocha wake akila kucha, alitikisa kichwa. "Si changu."

"Changu," alisema Mouli, akasimama ghafla. "Hicho changu! Kimefikaje humo?"

"Hilo ndilo swali zuri la kwanza leo," alisema Sandhyarani. "Koplo, weka kichwani. Kuna mtu kachukua jozi mbili, akarudisha vifuko, tena akavikosea mabegi. Wewe umewahi kumwona mwizi anayerudisha kifuko?"

"Sijawahi, Madam. Wa kwetu huchukua na begi."

Joglekar hakukubali kirahisi. Alinyoosha kidole kwenye begi la Shravani, la buluu iliyoiva, ambalo ubavuni lilikuwa na alama nyeupe za vidole vinne. "Na hii? Hii ni chaki. Mkono wa mchezaji umepita hapa, utake usitake."

Sandhyarani aliinama akapuliza zile alama. Hazikwenda popote. Kwenye kona palikuwa na sanduku la chaki ambayo wasichana hujipaka kabla ya kupanda. Akachovya vidole vinne, akavikandamiza kwenye suruali yake ya kazi, akapuliza. Unga ukaruka wote, mpaka Nripen akapiga chafya.

Akarudi kwenye begi, akakwangua alama moja kwa ukucha. Ilibanduka kama ganda jembamba. Akaiweka kwenye ncha ya ulimi.

"Madam!" alishtuka Nripen.

"Mchele," alisema Sandhyarani. "Unga wa mchele uliolowekwa ukakauka. Chaki haipiki wali, Kocha."

Joglekar alikunja mikono kifuani. Nripen naye alikuwa ameshapiga magoti na kuingiza mkono chini ya benchi. Alitoka na kokwa ndogo, bado imelowa mate.

"Kunazi."

Wote wawili, inspekta na koplo, wakatazamana. Mouli aliitazama ile kokwa kama anayetazama nyoka.

"Nani kala kunazi?" alinong'ona. "Sala bado!"

"Si wewe?"

"Mimi? Nina mtihani wa hesabu mwezi ujao! Nile kunazi kabla ya kupelekewa Ma Saraswati? Si bora nichane daftari kabisa?"

"Mnazungumza nini?" aliuliza Joglekar.

"Hakuna mwanafunzi wa Agartala anayeonja kunazi ya mwaka huu kabla ya sala ya leo," alisema Sandhyarani. "Hata mimi, na mtihani wangu wa mwisho niliumaliza zamani. Aliyekula hii ni mgeni. Nani mgeni mwingine anabadilishia nguo humu?"

Shravani alijibu kwa sauti ndogo. "Manju wa Haryana. Wa tatu."

Macho ya kocha wake yaliwaka. Aliyekuwa wa tatu, na wawili wa mbele yake wamepokonywa kanda! Joglekar alitangulia mlangoni.

Manju Dhankhar walimkuta kwenye mikeka ya mazoezi, amekaa amepanua miguu mpaka mapaja yamegusa sakafu, shavu moja limevimba. Alikuwa msichana mfupi, mpana wa mabega, mwenye kicheko cha karibu. Alimtazama inspekta, akatema kokwa kwenye kiganja kwa adabu.

"Namaste, Didi," alisema, kama anayemwita dada yake mkubwa. "Ni mimi mnayenitafuta?"

"Ulikuwa chumbani asubuhi?"

"Nilikuwa."

"Ulizichukua kanda za wenzako?"

Manju alicheka mpaka akajilaza chali. Kisha akanyoosha viganja vyote viwili usoni pa inspekta. Vilikuwa na sugu ngumu, za manjano, kama kwato za mbuzi. "Mimi nipande na ngozi ya ng'ombe? Baba alinifundishia kwenye bomba la pampu ya shambani, Didi. Sijavaa kanda maisha yangu. Nikizichukua nitazifanyia nini, nizikaange?"

Sandhyarani aliugusa ule mkono. Hakukuwa na haja ya kuuliza tena. "Na kunazi umezipata wapi?"

"Kwa bibi mmoja mwenye sari ya manjano. Aliingia na kikapu, kikapu kikawa wazi, nami nikachota. Haa, Didi! Alipiga ukelele ungedhani nimemeza sumu. Akanichapa mkono. Halafu akanihurumia. Akasema, haya, umeshaonja, sasa maliza, lakini wewe leo nitakuombea kuliko wote."

"Na mikono yake ilikuwaje?"

"Myeupe mpaka viwikoni. Mimi nikadhani ni kocha mstaafu."

Nripen aliguna kicheko akakizuia njiani. Sandhyarani alikwishageuka. Alirudi chumbani kwa hatua ndefu, akachuchumaa mbele ya Mouli.

"Kwenu nani huchora nakshi za sikukuu sakafuni kwa unga wa mchele?"

Mouli alifungua mdomo. Kisha damu ikampanda usoni mpaka masikioni, akajifunika uso kwa viganja.

"Dida, bibi yangu," alisema humohumo viganjani. "Alfajiri aliniomba kanda zangu akaziweke kwa Ma. Nikamwambia, Dida, kesho, leo nina kazi nazo. Akasema sawa. Akasema sawa haraka mno! Laiti ningejua…"

"Yuko wapi?"

"Klabu ya mtaa wetu. Ng'ambo ya bwawa."

Mwenyekiti wa waamuzi, Bwana Purkayastha, walimkuta kwenye korido akitazama saa ya ukutani. Alikuwa mtu wa haki, na kama watu wengi wa haki alipenda mambo yaishe kwa wakati. "Inspekta, saa nane kamili wanasimama mstarini. Sina njia nyingine."

"Saa nane utakuwa na kanda zote," alisema Sandhyarani, huku hajui kama ni kweli. Akamwacha Mouli ukumbini, akawachukua Nripen, Joglekar na Shravani, wakajibana wote katika kijigari cha betri kilichokuwa kikisubiri abiria nje.

Klabu ilipambwa kwa karatasi za rangi na ilinukia khichuri, wali uliopikwa na dengu, tangu barabarani. Watoto wapatao arobaini, wote kwa manjano, walikuwa wamejaa uwanjani wakiwa na nyuso za njaa, maana hakuna anayekula kabla ya kutoa maua. Mbele yao Saraswati wa udongo alikaa juu ya bata-maji wake mweupe, ala ya nyuzi mapajani. Miguuni pake palikuwa na mlima: vitabu vya fizikia, kinanda cha mkono, vikokotoo, kalamu zisizo na idadi, miwani ya kusomea. Na juu ya kitabu cha jiografia, zimepangwa vizuri kama viatu mlangoni, jozi mbili za kanda za ngozi.

"Ndizo!" alilia Shravani.

Bibi kizee mdogo alisimama kutoka kwenye nakshi aliyokuwa akiimalizia, akifuta mikono kwenye sari. Alipomwona Shravani uso wote ukamkunjuka.

"Mwanangu wa Pune! Umekuja na wewe? Vizuri, kaa mstari wa mbele."

"Dida," alisema Sandhyarani, "kanda hizi umezileta wewe?"

"Nani mwingine? Huyu wangu ni mbishi. Nikasema nikazichukue tu mwenyewe, sala ikiisha nizirudishe, hata hatajua. Kufika pale nikaliona begi la huyu. Jana aliniinamia akagusa miguu yangu, akaniita Aaji, eti ndivyo wanavyoita bibi kwao. Sasa niende nikamwombee wangu peke yake, mtoto wa watu mwenye mama mbali nimwache hivihivi? Ningemtazama vipi Ma usoni?"

"Na vifuko?"

"Vifuko ni vya nini? Nikavirudisha."

"Umevikosea."

"Miwani iko pale," alisema bibi, akaonyesha mlima kwa kidevu. "Nayo ni ya kusomea."

"Ungeacha basi hata kikaratasi!" alifoka Joglekar.

Dida alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Niandike? Leo?"

Nripen, kwa mazoea tu, alikuwa ameazima penseli ya dereva ili achukue maelezo. Bibi alimchapa mkono penseli ikaruka. Watoto arobaini wakashangilia.

"Sala ilikuwa saa ngapi?" aliuliza Sandhyarani.

"Asubuhi. Kuhani ndiye hajafika. Ana mitaa ishirini huyo, na kila mtaa wanamvuta. Tunasubiri."

Joglekar alipita kati ya watoto akanyoosha mkono kuelekea kanda. Uwanja mzima ulivuta pumzi kwa pamoja. Aliyemzuia hakuwa inspekta. Shravani alimshika kocha wake kiwiko.

"Usiguse, Madam. Hazijaombewa."

"Shravani, una akili? Unapanda saa nane!"

"Siku ya Dasara, vifaa vya kazi vinapoombewa, saa yako ya kupimia huwa unaiwekea ua. Mwaka jana mwenzetu Rohan aliigusa kabla ya wakati, ulimkimbiza kiwanja kizima."

Kocha alibaki na mkono hewani. Halafu aliushusha polepole.

Sandhyarani aliona ndio wakati wa kusema lililobaki. "Dida, kuna jambo. Kule ukumbini wanasema Mouli ni mwizi. Wanataka kulifuta jina lake."

Bibi alikaa chini palepale, juu ya nakshi yake mbichi. Ilikuwa vigumu kumtazama, na Nripen akageukia masufuria ya khichuri.

"Nani kamwita mjukuu wangu mwizi?"

Mbali kidogo mtoto alikuwa akilia njaa.

"Mimi," alisema Joglekar.

Dida alimwonyesha nafasi kando yake. "Basi kaa hapa kwenye mkeka. Utatoa ua pamoja nasi. Kisha utarudi, na pale pale uliposema hili, utasema lile."

Kocha wa Pune, mwanamke ambaye makocha wenzake walimwogopa nchi nzima, alivua viatu akakaa.

"Koplo!" aliita Sandhyarani. "Niletee kuhani. Yeyote. Hai."

Nripen alitoka mbio kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuiona kazini. Barabarani alikuwa anapita mzee mmoja juu ya baiskeli, kitambaa cha begani kikipepea, vijana wawili wa mtaa wa pili wakimfukuzia nyuma ili asiwaponyoke. Filimbi ya polisi ililia.

"Simama! Sheria!"

"Nimefanya nini?" alilalama kuhani, mguu mmoja chini. "Baiskeli haihitaji leseni!"

"Uko chini ya ulinzi."

"Kwa kosa gani?"

"Kuchelewa kazini."

"Ndugu yangu, hawa wananisubiri tangu asubuhi!"

"Waambie umekamatwa," alisema Nripen, akimsukuma kwa heshima zote kupitia lango, na vijana wa mtaa wa pili wakabaki wanakuna vichwa, maana nani atagombana na polisi kwa ajili ya mshukiwa?

Kuhani alisoma sala kwa kasi ya mtu mwenye mitaa mingi bado mbele yake. Mikono ilijaa maua, watu wakarudia maneno, maua yakarushwa, yakarushwa tena, na mara ya tatu Sandhyarani alimwona Joglekar amefumba macho kabisa. Dida ndiye aliyeziinua zile kanda kwa mikono miwili, akazigusisha kwenye paji la uso la Shravani, akampa zake, na za Mouli akazishika mwenyewe.

"Sasa," alisema, "kimbieni."

Wasichana sita walikuwa wameshasimama mstarini walipoingia, na Shravani akakimbilia nafasi yake, akawa wa saba. Wa nane, Mouli, alikuwa nyuma ya kamba, katikati ya wazee wawili wa kamati, amevaa nguo yake nyekundu ya mashindano ambayo hakuna aliyemwambia aivue. Bwana Purkayastha alikuwa na karatasi mkononi na kipaza sauti mdomoni.

Joglekar hakumwomba. Alikichukua.

"Mimi ni Vaidehi Joglekar," alisema, na ukumbi ukatulia. "Asubuhi nilisema mtoto huyu, Mouli Sutradhar, ameiba. Hakuiba. Hakuna aliyeiba. Kanda zilikuwa zinaombewa, na za mwanafunzi wangu ziliombewa bure, na mtu ambaye hata hatujui. Nilikosea. Nimelisema kwa sauti kubwa na sasa naomba radhi kwa sauti hiyo hiyo. Mouli, mwanangu, nisamehe."

Mouli alitazama chini. Kisha akaipita ile kamba, akaenda mpaka kwa kocha, akamwinamia akagusa miguu yake kama mtoto anavyomfanyia mkubwa, na jukwaa lote likasimama. Sandhyarani alijikuta anapiga makofi kuliko watu wote, na hakujali nani anamwona.

Dida akamfunga Mouli kanda zake viganjani. Mouli alipopanda, petali moja ya manjano ilichomoka kwenye kanda ya kushoto, ikazunguka naye mara moja kwenye chuma cha juu, ikaanguka. Akaachia, akapinduka hewani, akatua miguu pamoja, bila kuyumba. Shravani alimfuata, naye hakukosea popote. Mwisho akapanda Manju kwa viganja vitupu, na chuma kikalia chini ya mikono ile kama kinatishiwa.

Majina yakasomwa. Manju Dhankhar, wa kwanza. Mouli Sutradhar, wa pili. Shravani Kadam, wa tatu. Wote watatu kambini.

"Yule?" Nripen alishindwa kujizuia. "Aliyekula kunazi kabla ya sala?"

Mouli alikuwa ameshamfikia bibi yake kwenye kiti cha mbele, medali ikimpiga kifuani, anacheka na kulia. "Dida! Uliomba nini kwa Ma?"

Bibi alitengeneza sari yake begani. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kuwa na hatia.

"Niliwaombea wote," alisema. "Ila huyo mla kunazi ndiye niliyemhofia, basi kwake nikatia mkazo. Sikudhani Ma atanisikia hivyo."

Bwana Purkayastha alifika akipangusa miwani, akamwinamia inspekta. "Kazi nzuri sana. Nitahitaji taarifa yako, kwa maandishi, kabla hujaondoka."

Sandhyarani alikuwa anachagua kunazi kwenye kikapu cha Dida. Alipata moja nyekundu, nono, akaitia mdomoni. Ilikuwa chachu kama alivyoikumbuka.

"Kesho, Bwana," alisema. "Leo hakuna kuandika."